Bunduki za Baba Mkwe

Nimetengeneza bunduki nyingi maishani mwangu na sijawahi kushika hata moja.

Ofisi yetu iko Mabatini, Mwanza, ghorofani, juu ya duka la magodoro. Tuko wanne. Kazi yetu ni kuchora vitu vya ndani ya gemu za kompyuta kwa niaba ya makampuni ya nje. Mtu akiwa anacheza gemu ya vita huko aliko, akapiga teke pipa, pipa likabingirika mtaroni, inawezekana kabisa pipa lile nimelichora mimi. Kwa miaka mitatu nilichora mapipa, ndoo, maboksi ya mbao na viti vilivyovunjika. Mara moja nilipewa mbuzi aliyekufa. Nilirudishiwa mara mbili kwa maelezo kwamba alionekana mchangamfu.

Asubuhi moja bosi wetu aliingia na koti lake la suti, koti ambalo halivui hata jua likiwa utosini, akakutanisha viganja kama mzee wa kanisa anayetaka kusoma matangazo.

"Jamani," akasema, "tumepata vita."

Tukamuuliza vita gani.

"Ya Kwanza."

Kulikuwa na kampuni ya mbali iliyokuwa na gemu ya Vita ya Kwanza ya Dunia. Wachezaji wao walikuwa wamechoka na matope ya Ulaya, kwa hiyo kampuni iliamua kuwaletea vita ya Afrika Mashariki, upande wa ziwa letu. Zilitakiwa silaha sita za kihistoria: bunduki mbili za askari, bombomu moja, gobori, mkuki na upinde. Walitaka zichorwe na watu wa ardhi yenyewe kwa sababu walitaka uhalisia. Neno hilo, uhalisia, walilitia katika kila sentensi, kama mpishi mgeni anavyotia chumvi.

"Wameuliza kama tuna mtaalamu wa silaha," bosi akasema. "Nikawaambia tunaye."

"Ni nani?" nikauliza.

Akanitazama kwa upole. "Baba mkwe wako si alikuwa polisi?"

Sikuweza kukana. Baba mkwe alistaafu akiwa sajini, na karibu utumishi wake wote aliumalizia kwenye ghala la silaha. Asubuhi aliwagawia wenzake bunduki, jioni alizipokea, na kabla ya kuipanga kila moja alinusa mtutu wake kujua kama imefanya kazi. Alizijua bunduki kama mchungaji anavyowajua ng'ombe wake: yupi ana kikohozi, yupi mkaidi, yupi atakuaibisha mbele za watu. Yeye mwenyewe, kwa maelezo yake, hakuwahi kupiga kitu chochote zaidi ya kibao cha shabaha.

Kwa hiyo utaalamu ulikuwepo. Tatizo lilikuwa ukwe.

Mimi ni mtu wa Musoma. Kwetu pia tunawaheshimu wakwe, lakini nilipoolewa kwa Wasukuma niligundua kwamba kwetu tulikuwa tunatania. Katika miaka sita ya ndoa nilikuwa sijawahi kumpa baba mkwe mkono, sijawahi kukalia kiti chake, na sijawahi kukaa naye chumba kimoja kwa muda unaozidi salamu. Nikifika nyumbani kwao Buswelu, napiga goti mlangoni, nasema, "Shikamoo baba." Yeye, akiwa anatazama ukutani kwenye kalenda, anajibu, "Marahaba, mama. Watoto hawajambo?" Nasema hawajambo. Hapo mazungumzo yetu ya mwezi yamekwisha, naenda jikoni kwa mama mkwe kumenya viazi.

Sasa nilitakiwa kukaa na mtu huyu tuangalie bunduki.

Nilimweleza mume wangu. Mume wangu ni mwalimu wa hesabu, mtu mwema, mnene kidogo, asiyependa ugomvi wala mazoezi. Alifikiri, akasema atazungumza na mama yake. Mama mkwe alifikiri, akasema atazungumza na mzee. Mzee alifikiri siku tatu. Jibu likarudi kwa njia ileile: nije Jumamosi na kompyuta yangu, na utaratibu utakuwepo.

Utaratibu ulikuwa hivi. Baba mkwe alikaa sebuleni, kompyuta ikiwa juu ya meza ndogo mbele yake. Mimi nilikaa jikoni, kwenye kigoda, karibu na mlango wa pazia. Katikati, kwenye kizingiti, alisimama mama mkwe akiwa na sahani ya michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, mkononi. Baba mkwe angesema neno, mama mkwe angenipa. Mimi ningejibu, mama mkwe angempelekea. Sauti zetu zote mbili zilisikika vizuri tu mpaka kwa majirani, lakini utaratibu ni utaratibu.

Niliwaonyesha bunduki ya kwanza, ile ndefu ya askari wa Mjerumani. Nilikuwa nimeichora kwa wiki mbili kutoka kwenye picha za mtandaoni. Niliionea fahari. Nilichora mpaka mikwaruzo kwenye mbao ya kitako.

Kiti cha baba mkwe kikalia.

"Muulize," akasema, "mwenye bunduki hii anatumia mkono wa kushoto?"

Mama mkwe akageuka. "Anauliza huyo mwenye bunduki ni wa mashoto?"

"Hapana, mama. Kwa nini?"

"Mwambie komeo liko upande wa kushoto. Bunduki hii kila jeshi duniani inakokiwa kwa mkono wa kulia. Hii yake ukiikoki utajitia kidole cha jicho."

"Anasema utajitia kidole cha jicho," akasema mama mkwe, akatafuna kipande cha mchembe. "Na mimi naona ina shingo kama bata."

Nilikwenda kuangalia picha niliyotumia. Kweli, mtu aliyeiweka mtandaoni alikuwa ameigeuza, kulia ikawa kushoto. Wataalamu watatu wa kampuni walikuwa wameshaipitisha na kuisifia uhalisia wake. Na shingo ilikuwa ya bata, niliipunguza.

Jumamosi ya pili tukafika kwenye moshi. Baba mkwe alituma swali: askari wangu akipiga, moshi unatoka kiasi gani? Nikaonyesha. Kimoshi chembamba kikatoka mdomoni mwa mtutu, kikapotea.

"Hicho ni cha sigara," akasema. Akaeleza, kupitia kwa mkewe, kwamba askari wengi wa Mjerumani upande huu walipewa bunduki za kizamani, za baruti nyeusi. Ghalani kwake yaliwahi kuletwa magobori ya wawindaji haramu yaliyotumia baruti ya namna hiyo, na siku moja walijaribu moja uwanjani. "Mwambie ukipiga mara moja humwoni uliyempiga. Ukipiga mara mbili humwoni jirani yako. Lakini adui anakuona wewe vizuri sana, maana umemwashia jiko."

Nilirudi Mabatini nikatengeneza moshi. Nilitengeneza moshi wa kweli, mzito, unaokaa. Tukautuma. Baada ya siku mbili tukaitwa kwenye kikao cha video na mratibu wa kampuni, kijana mwenye ndevu nzuri aliyekuwa anazungumza kwa utaratibu kama anaongea na wagonjwa. Alisema wameupenda sana moshi. Ulikuwa na uhalisia mkubwa. Tatizo lilikuwa moja tu, kwamba wachezaji wa majaribio walilalamika hawamwoni adui.

Nilipeleka malalamiko hayo Buswelu.

"Mwambie awaambie," akasema baba mkwe, "hata wenyewe hawakuwaona."

Kampuni ikajibu kwamba inauheshimu mtazamo huo, na kwamba moshi upunguzwe, ubaki ule wa kupendeza.

Gobori lilituletea matatizo ya namna yake. Kampuni ilitaka mchezaji akishapiga, gobori lijazwe tena kwa sekunde mbili. Baba mkwe alipoletewa habari hiyo alimwomba mke wake mwiko mrefu na pembe ya kuwekea tumbaku. Nilichungulia kwenye upindo wa pazia, jambo ambalo mkamwana hapaswi kulifanya, nikamwona sajini mstaafu amesimama katikati ya sebule, anajaza bunduki isiyokuwepo. Akamimina baruti ya hewa. Akasokota kitambaa, akakishindilia kwa mwiko. Akatia gololi. Akashindilia tena. Akaweka fataki. Mama mkwe alikuwa anahesabu kwa sauti, na alipofika hamsini aliacha akaenda kuzima jiko, akarudi, akaendelea kuhesabu.

"Sasa niko tayari," baba mkwe akasema hatimaye, ameelekeza mwiko dirishani.

"Simba alishakula, amelala," akasema mama mkwe.

Tukakubaliana na kampuni sekunde nne. Mratibu aliita huo ushindi wa uhalisia.

Mkuki na upinde vilinitia aibu mbele ya wakwe. Mratibu alileta michoro ya mfano. Mkuki ulikuwa unawaka kwa ndani kama taa ya saluni. Mshale ulikuwa na sumu, na ili mchezaji aijue kuwa ni sumu ilikuwa inatoa mvuke wa kijani. Na ngao, ambayo hata hatukuwa tumeombwa, ilikuwa na mapambo ya watu ambao sijui wanaishi wapi. Niliandika kuuliza. Wakajibu kwamba wachezaji wanaitambua Afrika kwa urahisi zaidi hivyo. Kwenye ramani yao, ufuko wa ziwa letu ulikuwa na minazi. Sikuona jiwe hata moja. Mtu yeyote aliyewahi kusimama Mwanza akatazama upande wowote atajua ukubwa wa kazi waliyofanya kuyaondoa mawe yote.

Mama mkwe aliutazama ule mshale wa kijani kwa muda mrefu. "Hiyo sumu," akasema, "mbona inamtangulia mwenyewe kujitambulisha?"

Hilo nililiandika kwenye ripoti jinsi lilivyo. Kijani kikaondolewa. Mkuki uliendelea kuwaka.

Ilibaki bombomu, bunduki kubwa ya mfululizo. Kwenye gemu, askari mmoja aliibeba peke yake, akakimbia nayo mlimani, mgongoni akiwa na bunduki nyingine mbili, kiunoni mabomu ya mkono, na mkuki ule wa taa. Baba mkwe alipoona, kwa mara ya kwanza alicheka. Kisha akakasirika.

"Mwambie amwite mume wake."

Mume wangu alikuwa nje, kivulini, anasahihisha madaftari. Baba yake akamtolea debe la mahindi lililojaa, akaliweka begani kwake, akamwambia akimbie kutoka barazani mpaka banda la kuku na kurudi. Mume wangu ni mtoto mtiifu. Alikimbia. Alipofika kwenye banda alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika ndoa yetu, akaegemea wavu, kuku wote wakatoka mbio. Nilikuwa nimerekodi kwa simu.

"Na hilo ni debe moja," baba mkwe alisema akiwa barazani, safari hii akizungumza na wavu wa banda ili asizungumze na mimi. "Bombomu ni zaidi ya madebe mawili. Na maji yake ya kuipoza. Na risasi zake. Haibebwi na mtu mmoja."

Niliituma ile video kwa kampuni kama ushahidi wa kitaalamu. Walifurahi kupita kiasi. Walisema wamekuwa wakitafuta mwendo wa namna hiyo kwa miezi. Hawakupunguza mzigo wa askari wao hata kidogo, lakini mpaka leo, kwenye gemu ile, kila askari mwenye bombomu anakimbia kama mume wangu na kuhema kama mume wangu. Wanafunzi wake waligundua. Hakuwahi kunisamehe kabisa.

Jumamosi iliyofuata nilifika Buswelu nikakuta mama mkwe hayupo. Jumuiya yao ilikuwa na msiba wa jirani, naye alikwenda kusaidia kupika. Nikapiga goti mlangoni, nikasalimia, nikasema nitarudi siku nyingine.

"Kaa, mama," baba mkwe akasema.

Nikabaki pale pale mlangoni, sijui niende wapi. Yeye aliinua kiti chake, akakigeuza kikaelekea dirishani, akakaa amenipa mgongo. Halafu akaanza kuzungumza na dirisha.

"Umewahi kusikia habari za babu yangu."

Nilikuwa nimezisikia. Nani katika ukoo ule alikuwa hajazisikia? Babu alikuwa askari katika vita ya Mjerumani. Babu aliua maadui kumi na saba. Kila harusi, kila mahari, hata kwenye utangulizi wa sala ya chakula, babu alitajwa. Siku ya kuja kuniposa, mshenga wao aliwaambia wazee wetu kule Musoma kwamba binti yao anaolewa kwenye ukoo wa wapiganaji, na baba yangu, mvuvi, alimtazama mume wangu na kitambi chake, akanyamaza kwa adabu.

"Babu yangu hakuwa askari," baba mkwe akaliambia dirisha. "Alikuwa mpagazi. Walimkuta shambani wakamchukua, jembe likabaki limesimama kwenye tuta. Alibeba boksi la risasi kichwani. Sijui alitembea mpaka wapi. Yeye mwenyewe hakujua, alisema tu walifika mahali ambapo watu hawakujua neno lake hata moja. Nywele za utosini hazikuota tena. Sisi watoto tulikuwa tunapashika pale. Palikuwa laini kama kiganja."

Nikakaa chini, pale pale mlangoni.

"Alirudi, watu wakamuuliza, umeua wangapi? Hawakuuliza kingine. Angewaambia amebeba boksi? Akasema watatu. Kila mwaka wakaongezeka. Anafariki, walikuwa kumi na saba." Akakohoa. "Mimi aliniambia ukweli nilipopata kazi ya polisi. Alidhani na mimi nakwenda kuua. Nikamwambia, babu, wameniweka ghalani. Alifurahi sana. Akasema, basi na wewe utazibeba tu."

Nilikuwa nimeshazoea mama mkwe kunibebea maneno, na sasa, akiwa hayupo, nilipata shida kuyatafuta yangu. Nikasema, "Baba, naomba nimweke."

"Umweke wapi?"

"Kwenye gemu."

Alifikiri kama mtunza ghala. "Mkataba wenu unasema silaha sita. Yeye si silaha."

"Nitawaomba."

"Haya. Ukipewa ruhusa, boksi lake liwe la mbao. Lisiwe la bati."

Niliomba kwenye kikao. Nilieleza kwamba nyuma ya kila bunduki kulikuwa na mstari mrefu wa watu, na kwamba kwa upande wetu wa dunia hao ndio waliokuwa wengi katika vita ile. Mratibu alisikiliza kwa makini, anaandika.

"Huyu mhusika," akasema, "ana uwezo gani?"

"Anabeba."

"Zaidi ya hapo?"

"Anabeba mbali."

Akasema ni wazo lenye nguvu, na lenye hisia, na kwamba kwa sasa halina nafasi. Bosi wetu akaingilia kwa haraka kusema ofisi yetu pia iliona hivyo hivyo tangu mwanzo.

Kilichomwokoa mpagazi ni risasi. Wachezaji wa majaribio walikuwa wanaishiwa nazo katikati ya mapambano, wakalalamika. Wiki tatu baadaye mratibu alituandikia kwa furaha kwamba wamepata suluhisho la ubunifu: mchezaji akiishiwa, abonyeze kitufe, na mpagazi atokee na boksi. Hakutaja wazo lilianza wapi, na mimi sikumkumbusha. Nilimchora kwa siku tisa. Nilimpa kipara kidogo utosini.

Siku ya kumwonyesha, mama mkwe alikuwepo kizingitini, lakini baba mkwe aliniuliza mwenyewe moja kwa moja, huku akitazama skrini. Mama mkwe alitutazama mmoja baada ya mwingine, akaenda kukaa.

"Anakufa?" baba mkwe akauliza.

"Hapana, baba. Mwanzo alikuwa anakufa. Wakaona akifa na risasi zinapotea, mchezo unaharibika. Wakamfanya asife."

Kwenye skrini, mpagazi alikuwa anakatiza uwanja wa vita, mabomu yanapasuka kulia na kushoto, risasi zinampita mwilini kama mvua inavyopita kwenye wavu. Anafika, anatoa risasi, anageuka, anarudi.

"Wenzake walikufa wengi," baba mkwe akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na anapumzika wapi?"

Nikaona aibu. "Hapumziki."

"Hapo mmepatia," akasema, akafunga kompyuta taratibu.

Nilirudi ofisini nikafanya jambo ambalo sikutumwa. Nilimtengenezea mpagazi mwendo mdogo: kama hajaitwa kwa dakika nzima, anashusha boksi, analikalia, anajipapasa utosini. Nikauficha kati ya marekebisho mengine na kuutuma. Wakaguzi wao waliugundua, wakaandika kwenye orodha ya kasoro: mhusika anakaa bila kuamriwa. Niliandika chini yake: ndiyo. Nadhani aliyesoma alidhani nimekubali kurekebisha. Gemu ikatoka akiwa anakaa.

Habari zilifika kwa baba mdogo, mdogo wake baba mkwe, kabla sijawa tayari. Baba mdogo anaishi Buhongwa, ana sauti kubwa na duka la vifaa vya ujenzi, naye ndiye mtunza rasmi wa wale maadui kumi na saba. Alichosikia ni kwamba mkamwana ameiweka historia ya babu kwenye kompyuta ya Wazungu. Hakuuliza zaidi. Ilikuwa kipaimara cha binti yake. Akafunga turubai, akaita ukoo mzima, akatoa televisheni kubwa ya sebuleni akaiweka kwenye meza ya keki, akamlazimisha mume wangu acheze.

Mume wangu hajui kucheza. Aliuawa mbele ya shangazi zake wote. Akafufuka, akauawa tena kabla hajageuka. Baba mdogo, kipaza sauti mkononi, aliendelea kutangaza: "Subirini! Babu anakuja! Huyu siye. Na huyu siye. Yule pale mwenye bombomu, nadhani ndiye!"

Aliyekuwa na bombomu alipita akihema kama mume wangu.

Ndipo mume wangu akaishiwa risasi, akabonyeza kitufe, na mtu mwembamba mwenye boksi kichwani akatokea upande wa kushoto. Baba mkwe akasimama. Nilimwona anavuta shati lake chini kama anayeitwa kwenye paredi.

"Ni huyo," akasema.

"Yupi?" baba mdogo akauliza kwenye kipaza sauti.

"Mwenye boksi. Babu hakupiga risasi hata moja. Alizibeba. Aliniambia mwenyewe."

Baba mdogo alishusha kipaza sauti, akakipandisha, akakishusha. Nilijisikia nataka kuingia chini ya meza ya keki. Kisha shangazi mkubwa, dada yao wa kwanza, ambaye alikuwa amekaa mbele kabisa na soda yake, akasema kwa sauti ya kawaida tu:

"Mimi nilijua."

"Ulijuaje, dada?"

"Mtu aliyeua kumi na saba anaogopa kuchinja kuku? Nyumba ile kuku wote alichinja bibi. Babu alikuwa anakwenda nyuma ya nyumba mpaka kuku anyonyolewe."

Wazee wawili wa nyuma walianza kucheka, na kicheko kikasogea mpaka mbele. Baba mkwe naye alicheka, mkono mdomoni. Baba mdogo hakucheka, lakini ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara hakai na bidhaa iliyokufa. Alikohoa kwenye kipaza sauti.

"Ndugu zangu, jeshi bila ugavi si jeshi. Babu yetu alikuwa idara ya ugavi."

Watu wakapiga makofi. Keki ilipokatwa, babu alikuwa ameshakuwa mkuu wa idara.

Kampuni ilifurahishwa na kazi yetu, ikatupa nyingine: vitanda na dripu kwa gemu ya hospitali. Bosi amenunua koti la pili. Mimi na baba mkwe tumerudi kwenye salamu za mlangoni, naye ameirudia kalenda yake, ingawa siku hizi anaongeza swali moja au mawili kuhusu kazi. Mwezi uliopita simu yangu ililia nikiwa ofisini. Ulikuwa ujumbe kutoka namba yake, wa kwanza katika maisha yetu, umeandikwa kwa herufi kubwa tupu: KAMBA YA BOKSI IMEFUNGWA VIBAYA. FUNDO MOJA LITAFUNGUKA NJIANI. FUNGA MAWILI.

Nilifungua faili la mpagazi, nikafunga mawili.